Kuhamishia faili za Word kwenye Google Docs: kinachofika salama na kinachoachwa njiani

Kuandika waraka mpya kwenye Google Docs ni jambo la dakika moja. Kazi iko kwenye nyaraka za zamani: ripoti za miaka iliyopita, mikataba, mitihani ya mihula yote, katiba ya chama, tasnifu iliyokwishafika sura ya nne, zote zikiwa faili za Word zilizotawanyika kwenye flashi, barua pepe na makundi ya WhatsApp. Mapitio haya yanaipima Docs kwa kazi hiyo tu ya kupokea faili zilizokwishaandikwa kwingine. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini za wengi.

Tuanze na hukumu. Docs inaleta vizuri kile kilichoandikwa, na inaleta vibaya kile ambacho Word ilikuwa ikikikokotoa yenyewe. Maneno, vichwa, majedwali ya kawaida, picha na tanbihi hufika. Namba za picha na majedwali zinazojirekebisha, rejea za ndani ya waraka, nafasi za kujaza fomu na makro (programu ndogo zilizomo ndani ya faili) ama hugeuka maandishi ya kawaida, ama hazifiki kabisa. Kwa hiyo faili mbili zenye kurasa sawa zinaweza kuwa na hatima tofauti: riwaya ya kurasa 300 itapita bila jasho, na mkataba wa kurasa 12 ukaharibika.

Njia mbili zinazochanganywa kila siku

Ukipakia faili ya .docx kwenye Drive na kuibofya mara mbili, inafunguka ndani ya Docs ikiwa bado ni faili ya Word. Utaona kialama cha .DOCX pembeni mwa jina lake juu. Uwezo huu upo tangu 2019, na unachoandika kinahifadhiwa ndani ya faili ileile. Hapo hujahamisha chochote, umefungua tu. Vitu vingi ambavyo Docs haivielewi huachwa vilivyo ndani ya faili, na mwenzako akiifungua kwenye Word atavikuta.

Njia ya pili ni kuigeuza: "File", kisha "Save as Google Docs". Hapo inazaliwa faili mpya ya Docs, na ile ya Word inabaki palepale ilipokuwa. Sasa una faili mbili zenye jina moja kwenye folda moja, zikitofautiana kwa alama ndogo tu: moja ina herufi W, nyingine ina alama ya Docs. Hiki ndicho chanzo cha vurugu nyingi kuliko kasoro yoyote ya kiufundi. Mhasibu anarekebisha bajeti kwenye moja, mratibu anaandika maoni kwenye nyingine, na siku ya kutuma kwa mfadhili hakuna iliyo kamili. Dawa yake ifanywe papo hapo: faili ikishageuzwa, hamishia ile ya Word kwenye folda nyingine, mfano "Asili - usiguse", na uwape watu ruhusa ya kuitazama tu.

Ukiwa na faili nyingi, kuna mpangilio unaogeuza kila kinachopakiwa. Fungua Drive kwenye kivinjari cha kompyuta, bofya alama ya gia, ingia "Settings", na uweke tiki kwenye kisanduku kinachosema faili zinazopakiwa zigeuzwe kuwa za Google. Kuanzia hapo ukipakia folda nzima, kinachokaa Drive ni toleo la Docs peke yake, bila nakala ya Word pembeni. Ni safi zaidi, ila yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mpangilio huu unagusa pia Excel na PowerPoint, hivyo lahajedwali lenye makro litageuzwa nalo. Ondoa tiki mara tu unapomaliza. Pili, asili haiko Drive tena, kwa hiyo usifute chochote kwenye diski yako. Na wale wanaotumia programu ya Drive ya kompyuta, ile inayoweka folda ya Drive miongoni mwa folda zako, wajue kwamba kuburuta faili humo hakuigeuzi hata kama tiki ipo. Lazima upakie kupitia kivinjari.

Kwenye simu mpangilio huo haupo. Fungua faili kwa programu ya Docs, bofya nukta tatu, "Share & export", kisha "Save as Google Docs". Inatosha kwa faili moja mbili. Kuhamisha kabati zima la nyaraka kwa simu hatumshauri mtu yeyote, hasa kwa sababu huwezi kukagua matokeo kwenye skrini ndogo.

Mipaka ya ukubwa, na kinachojaza faili

Faili ya maandishi inayogeuzwa kuwa Docs haipaswi kuzidi MB 50, na waraka wenyewe hauruhusiwi kuzidi herufi milioni 1.02. Kwa maandishi matupu huo ni uwanja mpana, hata kitabu kikubwa kinaingia. Kinachowakwamisha watu ni picha. Ripoti ya mradi yenye picha 40 za simu inaweza kuvuka MB 50 kwa urahisi, na hata isipovuka inakula bando bure.

Kujua uzito uko wapi, tengeneza nakala ya faili, badilisha kiishio chake kutoka .docx kuwa .zip, kisha uifungue. Faili ya Word ni mfuko wa zipu, na ndani yake kuna folda ya word, na ndani ya hiyo kuna folda ya media. Picha zote za waraka zimelala humo. Zipange kwa ukubwa na utaona mara moja ile nembo ya MB 9 inayoonekana ndogo kama stempu kwenye karatasi. Kuipunguza, rudi kwenye Word, bofya picha yoyote, ingia "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Ondoa tiki inayosema punguza picha hii tu, acha tiki inayofuta sehemu zilizokatwa, chagua 150 ppi (pikseli kwa inchi), hifadhi. Kwa ripoti ya kusomwa kwenye skrini au kuchapwa ofisini, 150 inatosha kabisa.

Akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos. Zamani faili za Docs zenyewe hazikuhesabiwa, na ushauri wa "geuza ili uokoe nafasi" bado unazunguka. Kwa faili zinazotengenezwa au kuhaririwa tangu tarehe 1 Juni 2021 hesabu inaziingiza, kwa hiyo usigeuze kwa sababu hiyo. Sababu nzuri ya kugeuza ni historia ya matoleo. Faili ya Word iliyoko Drive hutunziwa matoleo yake ya zamani kwa siku 30 au hadi matoleo 100, labda uyawekee alama ya kudumu moja moja. Waraka wa Docs una historia ndefu na inayosomeka, ikionyesha nani aliongeza sentensi gani. Historia hiyo inaanzia siku ya kugeuza. Ya nyuma haiji.

Maandalizi kwenye Word

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kila dakika moja ya maandalizi inaokoa nyingi za kurekebisha baadaye.

Anza na vichwa. Docs inatambua mitindo ya Word inayoitwa "Heading 1" hadi "Heading 6", pamoja na "Title" na "Subtitle". Word ina ngazi tisa za vichwa, Docs sita. Watu wengi hawatumii mitindo hiyo kabisa: wanakoza maandishi, wanaongeza ukubwa hadi 16, wanaweka katikati, basi. Kwa macho hicho ni kichwa. Kwa Docs ni aya ya kawaida iliyokozwa, na ukienda kutengeneza orodha ya yaliyomo utapewa ukurasa mtupu. Chukua kichwa kimoja cha aina hiyo, bofya "Select" upande wa kulia wa menyu ya "Home", chagua maandishi yote yenye umbo linalofanana, kisha uyape "Heading 1" kwa mkupuo. Fanya hivyo kwa kila ngazi. Mitindo uliyoibuni mwenyewe na kuipa majina, mfano "Nukuu ya mahojiano", itafika na sura yake lakini jina litapotea, na kila aya itakuwa maandishi ya kawaida yaliyopambwa kwa mkono. Huwezi tena kubadilisha zote kwa kubofya mara moja.

Mabadiliko yaliyofuatiliwa kwenye Word yanafika kama mapendekezo, na maoni yanafika kama maoni. Hilo Docs inalifanya vizuri. Tatizo ni waraka uliopita mikononi mwa wahariri watatu ukiwa na mamia ya mabadiliko ambayo hakuna aliyeyakubali wala kuyakataa. Yakubali yote kwenye Word kabla ya kupakia, au angalau yale ya nafasi na fonti, ubakize yanayohusu maana tu.

Docs ina tanbihi za chini ya ukurasa, haina za mwisho wa waraka. Kama tasnifu au kitabu chako kinaweka maelezo yote mwishoni, yageuze ukiwa bado Word: menyu ya "References", bofya kimshale kidogo kwenye kona ya kundi la tanbihi, halafu "Convert", chagua kupeleka zote chini ya ukurasa.

Visanduku vya maandishi ni adui wa kudumu. Barua zenye nembo, vipeperushi na wasifu wa kuombea kazi hujengwa kwa visanduku vilivyotupwa juu ya ukurasa, na vikifika Docs huhama mahali pake, au hugeuka mchoro ambao huwezi kuuhariri moja kwa moja ndani ya aya. Hamishia maneno kwenye jedwali lisilo na mistari. Jedwali linasafiri vizuri. Nembo nayo isiwe "nyuma ya maandishi". Iweke ndani ya mstari, kwenye sehemu ya kichwa cha ukurasa. Nembo za zamani za aina ya EMF au WMF, zilizonakiliwa kutoka CorelDRAW miaka hiyo, zihifadhi upya kama PNG kwanza.

Kisha fonti. Docs ina Times New Roman, Arial, Calibri, Cambria, Georgia, Verdana na mamia ya fonti za bure. Bookman Old Style, ambayo baadhi ya ofisi huitumia kwa barua zao, huenda usiikute. Waraka wenye fonti ambayo haipo unachorwa kwa fonti nyingine yenye upana tofauti, na hapo mistari inasogea, ukurasa wa 7 unahamia wa 6, jedwali linakatika katikati. Badilisha fonti mapema kwenye Word ili uone mwenyewe kurasa zinavyosogea na kuzipanga upya.

Faili yenye nenosiri, ifungue na uliondoe nenosiri hilo: "File", "Info", "Protect Document", "Encrypt with Password", kisha ufute nenosiri kwenye kisanduku na kukiacha kitupu. Faili ya zamani ya .doc ihifadhi kwanza kama .docx. Ukiwa nazo mia mbili usizifungue moja moja. LibreOffice ni ya bure na inafanya kazi hiyo kwa amri moja, ukiwa ndani ya folda yenye faili hizo:

soffice --headless --convert-to docx *.doc

Funga LibreOffice kabisa kabla ya kuiendesha, vinginevyo mara nyingi amri inaisha bila kufanya lolote na bila kukwambia. Kwenye Windows huenda ukahitaji kuandika njia nzima ya mahali programu ilipo.

Mkataba, mfano wa kinachokufa

Tazama kifungu kama hiki: "Endapo Mpangaji atachelewa kulipa kama ilivyoelezwa kifungu cha 7.2, Mwenye Nyumba atakuwa na haki zilizotajwa kifungu cha 11." Kwenye Word, aliyeuandika vizuri hakuchapa 7.2 kwa mkono. Aliingiza rejea inayosoma namba ya kifungu husika. Ukiongeza kifungu kipya kabla ya cha 7, Word inasasisha namba, na ukisasisha rejea kwa F9 inakuwa 8.2. Ukishageuza kuwa Docs, hiyo 7.2 inabaki herufi tatu tu. Ongeza kifungu, na mkataba wako unamwelekeza msomaji mahali pasipo. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Msomaji wa kwanza kuligundua anaweza kuwa wakili wa upande wa pili.

Ugonjwa huo ndio unaozikumba namba za picha na majedwali ("Jedwali 4" halitajigeuza kuwa 5), na nafasi za kuunganishia majina kwenye barua nyingi, ambazo hubaki «Jina» kama maandishi ya kawaida. Fomu zenye menyu za kuchagua hazitafanya kazi tena kama fomu. Michoro ya SmartArt inageuka picha isiyoharirika. Faili ya .docm inafunguka lakini makro yake haiendeshwi. Orodha ya yaliyomo ni nafuu: ifute iliyokuja, weka mshale mahali pake, "Insert", "Table of contents", na ukiwa uliandaa vichwa vyako vizuri itajijenga kwa sekunde moja.

Ushauri wetu kwa mikataba, sheria ndogo, na violezo vya wafadhili vyenye visanduku vya kujaza ni kuviacha Word. Vipakie Drive, vifungue bila kuvigeuza, watu watoe maoni humo, na mabadiliko ya mwisho yafanywe kwenye Word yenyewe. Hapa Docs inashindwa na hakuna sababu ya kulazimisha.

Walimu wana tatizo la kwao. Mitihani ya hisabati na fizikia iliyoandikwa kwa kihariri cha zamani cha milinganyo, kile Equation Editor 3.0 ambacho Microsoft ilikiondoa Januari 2018 kwa sababu za usalama, ina milinganyo ambayo ni vitu vilivyopachikwa. Ikifika Docs inakuwa picha zenye ukungu au pengo. Milinganyo iliyoandikwa kwa zana mpya ya Word inaingia kama milinganyo hai, ila yenye matriksi na mabano makubwa ikague mmoja mmoja. Mtihani wa maswali 50 wenye sehemu ndogo na vipeo ni bora uutume kuchapwa kama PDF iliyotoka Word.

Tasnifu yenye marejeo ya Zotero

Hili linastahili sehemu yake kwa sababu likikosewa linagharimu wiki nzima. Marejeo yaliyowekwa kwenye Word na Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni vitu hai. Ukigeuza faili bila maandalizi yanakufa: "(Nyerere, 1967)" inakuwa maandishi, na orodha ya marejeo haitajisasisha tena. Zotero ina njia rasmi. Tengeneza nakala ya tasnifu. Kwenye Word ingia menyu ya Zotero, "Document Preferences", na ubofye kitufe cha kuhamia kihariri kingine cha maandishi. Marejeo yote yatageuka viungo vya ajabu na juu ya waraka patatokea maelezo. Usishtuke wala usiyafute. Hifadhi kama .docx, pakia, geuza kwa "Save as Google Docs", kisha kwenye menyu ya Zotero ndani ya Docs bofya "Refresh". Kivinjari lazima kiwe na kiunganishi cha Zotero, na programu ya Zotero iwe wazi kwenye kompyuta. Ukiacha faili ikiwa ya .docx ndani ya Docs haitafanya kazi. Lazima iwe imegeuzwa. Na marejeo yaliyowekwa kwa zana ya Word yenyewe hayana njia hiyo, yatakuja yakiwa maandishi.

Tasnifu ndefu igawe kwa sura. Docs yenye kurasa mia tatu, majedwali na picha inakuwa nzito hata kwenye kompyuta nzuri, na kwenye mtandao wa mashaka herufi zinachelewa kuonekana. Tangu Oktoba 2024 waraka mmoja unaweza kuwa na vichupo kadhaa upande wa kushoto, lakini faili iliyoingizwa inakuja yote kwenye kichupo kimoja. Kuigawa ni kazi ya mkono.

PDF na picha za karatasi

Bofya PDF kwa kitufe cha kulia, "Open with", "Google Docs". Docs itasoma herufi na kukupa maandishi. Google yenyewe inashauri faili isizidi MB 2, herufi ziwe na kimo cha pikseli 10 au zaidi, ukurasa uwe umesimama wima, na maandishi yawe ya fonti za kawaida kama Arial au Times New Roman. Katika kazi halisi mwanga na unyoofu ni muhimu kuliko yote. Gazeti la zamani lililopigwa picha likiwa limekunjika litatoa uji wa herufi. PDF ndefu ikate vipande vya kurasa kumi kumi.

Tarajia maneno na si umbo. Majedwali yanavunjika, safu mbili zinaweza kusomwa kama mstari mmoja, tanbihi na namba za ukurasa zinaangukia katikati ya aya. Kama PDF ilitengenezwa kutoka Word na mwenye faili bado yupo, muombe .docx. Utajiokolea kazi kubwa.

Kwa Kiswahili kuna kosa linalojirudia: alama ya ritifaa kwenye ng'. Usomaji wa picha unaitoa kama nukta ya juu iliyogeuka, kama alama ya kunukuu mara mbili, au unaila kabisa, na unapata "ng‘ombe", "ng"ambo" na "ngoa". Mbili za kwanza zinarekebishwa kwa "Edit", "Find and replace", ukitafuta kila umbo na kuweka ’ moja kila mahali. Ya tatu haina njia ya mkato, kwa sababu "ngoma" na "ngano" ni maneno halali. Tafuta, bila ritifaa, maneno unayojua yamo: ng'ara, ng'oa, ng'aa, ng'ambo, ng'atuka, na usome kila kimoja.

Herufi ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba zinafika salama zikiwa zimechapwa kwa kibodi ya kisasa. Zikiwa zilitengenezwa kwa fonti maalumu iliyobadilisha sura ya herufi nyingine, zitarudi kuwa hizo herufi nyingine. Kadhalika vitabu vya dini vyenye aya za Qur'ani zilizopachikwa kwa programu ya nyongeza ya Word inayotumia fonti tofauti kwa kila ukurasa wa msahafu: Docs haina fonti hizo, na aya tukufu inageuka alama zisizosomeka. Hilo si la kupuuzia. Andika aya kwa Kiarabu cha kawaida ukitumia fonti ya Amiri, ambayo Docs inayo, kisha mpe mtu anayeujua msahafu azikague herufi kwa herufi.

Faili za Publisher (.pub) Docs haizifungui. Microsoft imetangaza kwamba Publisher haitahudumiwa tena baada ya Oktoba 2026, kwa hiyo mwenye vyeti na programu za harusi humo azitoe kama PDF sasa, na LibreOffice Draw inaweza kuzifungua zile ambazo programu yake haipo tena. Wanaoandika kwa Markdown (maandishi matupu yenye alama rahisi za vichwa na viungo) wamepata nafuu tangu Julai 2024: faili ya .md inafunguliwa na Docs moja kwa moja, ikiwa na vichwa na viungo vyake.

Kukagua

Kuperuzi kwa macho hakutoshi kwa waraka wenye uzito. Njia ya uhakika ni kuurudisha: ndani ya Docs, "File", "Download", "Microsoft Word". Kisha fungua Word, "Review", "Compare", weka faili ya asili upande mmoja na iliyorudi upande wa pili. Word itakuonyesha kwa rangi kila neno lililopotea, kila tanbihi iliyohama. Kwenye "More" ondoa tiki ya umbo, la sivyo utazama kwenye tofauti za fonti na nafasi. Kwa waraka wa kurasa 40 unapata picha kamili ndani ya robo saa.

Anayehamisha maelfu ya faili atahitaji rclone, programu ya kupakia faili kwa amri, ambayo kwa chaguo la --drive-import-formats docx,odt,txt inazigeuza zikiwa zinapanda. Chagua kwanza faili kumi zilizo ngumu kuliko zote, zenye tanbihi, majedwali marefu na kurasa za kulala, uzipitishe kwenye ulinganisho huo wa Word, na ndipo uachie folda nzima usiku, wakati bando la ofisi halina mtu.